Santuri Iliyoitwa Deyanira

Habari kwamba Deyanira amerudi kutoka Maracaibo, ng'ambo ya mpaka, ilimfikia Nuris akiwa ametumbukiza mikono yote miwili kwenye unga wa mahindi. Aliyeileta ni Candelaria, jirani wa mkono wa kushoto, mwanamke asiyeweza kulala na habari ya mtu tumboni.

"Amekuja na begi moja," Candelaria alisema, akajichukulia karimanyola, andazi la muhogo lenye nyama, kwenye sinia. "Yupo kwa mpwa wake, kule karibu na kiwanda cha barafu. Amekonda, lakini wanasema mwendo ni uleule."

"Mwendo gani?"

"Nuris, usinichekeshe. Nani hapa Rebolo hajui mwendo wa Deyanira?"

Nuris aliendelea kukanda. "Hiyo karimanyola unanunua au unaonja?"

"Naonja," Candelaria alisema, akavuta kiti akaketi. "Na amerudi wakati wake kweli. Jumapili si ndiyo mumeo anapiga ule wimbo? Mungu hana haraka, mwenzangu, lakini anapanga."

Ukutani, ng'ambo ya barabara, palikuwa na bango jipya. Lilikuwa na picha ya ndege, mwari mweusi aliyefungua mdomo, na chini yake maandishi makubwa mekundu: ARÍSTIDES NA MTAMBO WAKE MWARI MWEUSI, ALASIRI YA ZAMANI, ATAPIGA DEYANIRA. Kwa wiki mbili Nuris alikuwa amekaanga vitafunio vyake mlangoni akitazamana na bango hilo. Kila arepa, ule mkate wa mahindi, aliyoigeuza, jina lile lilikuwa mbele ya macho yake.

Jina lenyewe lilikuwa na mambo yake. Wimbo ule uliimbwa na Mkongo mmoja ambaye hakumjua Deyanira wala hakuwahi kukanyaga Barranquilla, kwa lugha ambayo mtaa mzima uliicheza bila kuelewa hata neno moja. Santuri yake ililetwa na baharia. Na zamani zile, santuri nzuri ikifika tu, mwenye mtambo wa muziki alichukua wembe akaikwangua karatasi ya katikati mpaka jina la wimbo na la mwimbaji yaishe kabisa, ili mwenye mtambo wa mtaa wa pili asijue aagize nini. Kisha aliibatiza upya. Ile iliyo bora kuliko zote aliipa jina la mwanamke aliyemkaa moyoni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na kila mtu alijua.

Aliyeikwangua santuri ile ni Nuris mwenyewe, jikoni kwa mama mkwe wake mtarajiwa, mwaka ambao yeye na Arístides walikuwa wachumba. Alikwangua mpaka akajikata kidole. Akapuliza unga wa karatasi, akatia alama kwa rangi yake nyekundu ya kucha, akaondoka zake akingoja kusikia itaitwa nani. Jumapili akavaa gauni jipya la manjano, akasimama mbele kabisa. Arístides akashika maikrofoni, akaita: "Deyanira."

Waliooana ni Nuris na Arístides, ni kweli. Lakini gauni lile la manjano Nuris hakulivaa tena.

*

Jioni alimpelekea mumewe habari pamoja na kahawa, kwa sababu alitaka kuuona uso wake. Arístides alikuwa barazani kwenye kiti cha kuyumba, akimsimulia muuza bahati nasibu aliyekuwa akitafuta njia ya kuondoka.

"Siku hizi muziki hakuna," Arístides alikuwa akisema. "Kelele tu. Miaka ya themanini nikifungua Mwari Mweusi, mabati yalikuwa yanatetemeka mpaka kule sokoni. Bia ilikuwa baridi kweli. Wanawake walikuwa wanatengeneza nywele siku mbili kabla. Na ukimkanyaga mtu mguu, unaomba radhi."

"Deyanira amerudi," Nuris alisema.

Arístides alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Deyanira yupi?"

"Kwani umebatiza wangapi?"

Hapo akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lilelile alilompa Nuris kila mara alipouliza, tangu wakiwa vijana: mdomo umefungwa, macho yanatazama mbali, kama mtu anayelinda heshima ya mwanamke. Wivu ulimpanda Nuris. Miaka sitini kasoro miwili, mjukuu mmoja, magoti mabovu, na bado wivu ulimpanda kama msichana.

"Maskini," Arístides alisema. "Maisha ya Maracaibo yamekuwa magumu." Kisha, kana kwamba ni jambo jingine kabisa: "Mama, lile shati langu la sherehe, ile guayabera nyeupe, ipo? Ipige pasi basi. Na nilikuwa nataka kukuomba kidogo kwenye lile kopo lako. Amplifaya inataka vali mbili, zile taa zake za ndani. Bila vali, mtambo hauimbi."

Nuris alilitoa kopo la pesa za vitafunio. Akampa, maana Duván, kijana mwenye miwani ya jua aliyekuwa akiandaa tamasha, alikuwa amekwisha kubandika mabango mji mzima, na aibu ya mume ni aibu ya nyumba. Lakini alipokuwa akipiga pasi ile guayabera alijiona kichekesho. Jasho lake la mafuta ya moto ndilo lilikuwa linakwenda kununua sauti ya kumwita mwanamke mwingine.

Siku iliyofuata Duván akapita na kamera. "Mama Nuris, nisaidie. Hamna picha ya Deyanira ya enzi zile? Watu wanataka kumwona alivyokuwa."

"Nimtunzie picha mimi? Kwani hapa umeona makumbusho?"

"Basi yako na mzee?"

"Unaitaka?"

Kijana aliangalia simu yake. "Tutaona kama nafasi itabaki."

Usiku huo Nuris alifunga begi. Aliweka magauni matatu, kandambili, dawa yake ya presha na picha ya mjukuu, akalificha nyuma ya pipa la maji. Dada yake wa Malambo alikuwa na chumba. Alikwisha kuamua: Jumapili Arístides akishika ile maikrofoni akamwita Deyanira mbele ya mtaa mzima, Deyanira akiwa amesimama palepale, na jina la mkewe lisitoke hata mara moja, yeye atapanda basi la jioni. Hakumwambia mtu. Kumwomba mume akutaje jina ni kuombaomba, na Nuris hakuwa ombaomba.

*

Jumapili asubuhi wateja walipungua, akabaki mwanamke mmoja mdogo, mwenye viatu vya kiume na nywele zilizofungwa kwa mpira. Nuris alimpa arepa ya yai bila kumtazama sana. Yule mwanamke aliila akiwa amesimama, upesi, kama mtu aliyekuwa akiiwaza tangu jana.

"Nuris," alisema baadaye, akijifuta vidole. "Hunijui?"

Nuris akamtazama. Aliyatafuta yale mabega, ule mwendo, zile nywele za mawimbi. Aliviona vikiwa mbali, kwa ndani, mtu akivitafuta sana. Kitu cha kwanza alichosikia moyoni kilikuwa furaha, furaha chafu kabisa, na cha pili kilikuwa aibu ya kuisikia.

"Keti, Deyanira," alisema. Akamwekea arepa nyingine.

"Nitakulipa mpwa wangu akirudi."

"Kula kwanza."

Mafuta yalichemka. Ng'ambo, mwari wa kwenye bango aliwafumbulia mdomo wote wawili.

"Leo watapiga wimbo wako," Nuris alisema.

"Wangu?" Deyanira alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja kuficha pengo. "Wa Senén, marehemu mume wangu. Yeye ndiye aliyelipa."

"Alilipa nini?"

"Transfoma. Mumeo hakukwambia?" Deyanira aliweka arepa chini. "Ile yake iliungua wiki moja kabla ya kanivali. Alikuwa hana kitu. Senén alikuwa na pesa zake za nguruwe, ananifuata kila siku, na mimi simtaki kwa sababu ya ile harufu. Basi akaenda kwa Arístides: nakununulia transfoma mpya, wewe ile santuri uliyopata unaiita Deyanira. Nikaitwa mbele ya mji mzima. Mwanamke gani angekataa tena? Wiki hiyohiyo nikaposwa."

"Na Arístides?"

"Arístides nini?"

"Wewe na Arístides."

Deyanira alimwangalia kwa mshangao wa kweli. "Hajawahi kunishika hata mkono. Mara ya kwanza nilipokwenda kumshukuru aliniita Yadira." Alikula kidogo, kisha akasema taratibu: "Mimi ndiye niliyekuwa nakuonea wivu wewe. Ulikuwa unasimama kule nyuma ya mtambo, kitambaa cha kufutia santuri begani, kama mwenye mali. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuzigusa. Mimi nilikuwa na jina tu. Kule Maracaibo niliwaambia watu kwetu kuna wimbo wenye jina langu, wakanicheka. Ningewaonyesha nini? Santuri yenyewe haina hata maandishi."

*

Arístides alikuwa mbele ya kioo akijinyoa, bila shati, tumbo limelala juu ya mkanda. Nuris alisimama mlangoni na aproni yake.

"Transfoma ilikuwa bei gani?"

Wembe ulisimama shavuni. "Transfoma ipi?"

"Ile uliyolipwa kwa jina la santuri."

Aliketi kitandani, povu likiwa bado usoni. "Nani kakwambia?"

"Mwenye wimbo."

"Nuris, ningefanya nini? Kanivali wiki ijayo, mtambo umekufa, watu wa mtaa wa El Boliche wananicheka..."

"Sikuulizi kanivali. Nakuuliza miaka yote hii. Nimekuuliza mara ngapi ulikuwa na nini na yule mwanamke? Nilipokuwa na mimba nilikuuliza. Mama yangu alipokufa nilikuuliza. Wewe unachekacheka tu, unatazama dari."

Arístides alifuta povu kwa mkono. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo. "Watu walipenda kuamini. Na wewe pia. Ulikuwa unakuja kila Jumapili umepaka manukato, unakaa pale ubavuni mwangu ukinichunga kama fedha. Ningesema ukweli ningekuwa nani? Fundi redio aliyeuza jina kwa muuza nguruwe. Nani angemchunga huyo?"

"Kumbe miaka yote namwonea wivu transfoma," Nuris alisema.

Arístides akacheka. Alidhani amesamehewa, na hilo lilikuwa kosa lake la pili.

Nuris alitegemea kusikia mzigo ukimtoka, lakini kilichomtoka kilikuwa kitu kingine. Alimtazama mtu yule pale kitandani na kwa mara ya kwanza maishani akamtazama kwa macho yake mwenyewe. Siku zote alikuwa amemtazama kwa macho ya Deyanira, mtu anayetamaniwa, mtu wa kulindwa. Sasa palikuwa na mzee mwenye povu sikioni. Aliulilia ule wivu, kama wengine wanavyoililia bia baridi ya zamani. Ulikuwa umemuuma, ndiyo, lakini ulikuwa umemfanya ajipake manukato.

Lori la Duván likapiga honi nje. Arístides alivaa guayabera haraka, vifungo vikakosana matundu, akalikumbatia kasha la santuri kifuani, akatoka. Kasha hilo hakumwachia mtu yeyote alishike.

Miwani yake ilibaki kitandani, karibu na wembe. Nuris aliiona. Angeweza kumwita, lori lilikuwa bado linageuza. Aliichukua akaitia kwenye mfuko wa aproni.

Alijua vizuri anafanya nini. Ndani ya lile kasha mlikuwa na santuri kumi na kitu, zote zimekwanguliwa katikati, zote zinafanana. Zilitofautishwa na vitone vya rangi ya kucha, vidogo kama mbegu za pilipili, na duniani walikuwepo watu wawili tu waliojua kusoma vitone hivyo. Mmoja wao, bila miwani, hakuweza kutofautisha mbuzi na mbwa.

*

Uwanja ulikuwa umejaa kabla jua halijapoa. Wazee walikuja na viti vyao. Vijana walikuja wamevaa mashati ambayo babu zao waliyatupa, wanapigana picha mbele ya Mwari Mweusi aliyepakwa rangi upya, wanaulizana bia ilikuwa bei gani enzi zile. Walizililia Jumapili ambazo hawakuwahi kuziona. Nuris aliweka meza yake ya vitafunio kando, begi likiwa chini yake limefunikwa kwa gunia la mkaa. Basi la Malambo lilisimama hatua chache nje ya geti.

Deyanira alikuja na gauni la kuazima, akaja moja kwa moja mezani kwa Nuris. Bila kuambiwa akashika mwiko, akaanza kugeuza karimanyola. Candelaria alivuta kiti karibu. Asingekosa hilo hata kwa dawa.

Duván naye akafika na kamera yake. "Mama Nuris, swali moja tu, la kumbukumbu. Ni kweli Deyanira ndiye alikuwa penzi kubwa la mzee Arístides?"

Candelaria aliacha kutafuna. Deyanira alishikilia mwiko hewani.

Lilikuwa neno moja tu. Transfoma. Angelisema, jioni hiyohiyo Arístides angekuwa kichekesho kutoka Rebolo mpaka Soledad. Nuris alifungua mdomo kulisema. Kisha akamwona msichana fulani mwenye gauni la manjano amesimama mbele ya spika, kidole kimefungwa kitambaa, anangoja. Naye angekuwa kichekesho pia, yule msichana. Machozi yake yote yangekuwa yamemwagikia waya na chuma.

"Kweli kabisa," Nuris alisema. "Nililia mwaka mzima. Huyu mwanamke alikuwa anapita hapa, wanaume wanasahau bia mikononi."

Deyanira aliinamisha kichwa kwenye sufuria. Mabega yalinyooka kidogo, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu arudi, ule mwendo wake wa zamani ulionekana hata akiwa amesimama.

Jukwaani Arístides alishika maikrofoni. "Rebolo," alisema, na watu wazima wakapiga mluzi. "Mliyoingoja ndiyo hii." Akatoa santuri kwenye kasha, akaisogeza puani, akaigeuza, akaisogeza mbali, mkono wote umenyooka. Akaiweka. Ikatoka sauti ya kinanda, wimbo mwingine kabisa, wa taratibu, wa kufungia dansi. Akaiondoa. Akaweka nyingine. Sio. Wazee wakaanza kunong'ona, vijana wakacheka. Duván alipanda kumsaidia, na Arístides akalifunika kasha kwa mwili wake mzima, kama zamani alipolikinga na wapelelezi wa mitambo mingine.

Santuri ya tatu, sio. Sasa walimzomea. Nuris alitia mkono mfukoni akaigusa miwani. Hicho ndicho alichokuwa amekitaka, wimbo usipigwe, na alishangaa kuona hakimpi raha.

Arístides alijipapasa mfuko wa shati, wa suruali, tena wa shati. Macho yake yalizunguka uwanja mzima bila kuona kitu. Kisha akaisogeza maikrofoni mdomoni.

"Nuris," alisema.

Jina lilitoka kwenye mdomo wa yule mwari, kwenye spika zote, likapita juu ya vichwa, likagonga mabati ya kiwanda cha barafu, likarudi. Mtambo ule ulikuwa umetaja wauza bia, watoto waliopotea, wagombea udiwani na Deyanira mara elfu. Hilo ulikuwa haujawahi kulitaja.

"Nuris, mama. Miwani yangu."

Watu waliangua kicheko. Mlevi mmoja akaanza kupiga makofi, "Nu-ris, Nu-ris," na vijana wakaudaka ule mdundo, na wazee nao, mpaka viti vikatetemeka. Nje ya geti basi la Malambo lilipiga honi, likaondoka, na hakuna aliyelisikia.

"Nuris," Arístides aliita tena, na safari hii hakutaja miwani. "Njoo. Bila wewe sioni ni ipi."

"Unaitwa," Candelaria alisema.

"Nasikia."

Deyanira alimgusa kiwiko. "Nenda, dada. Wanamcheka maskini."

Nuris aliepua kikaango motoni. Akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, akaitoa miwani, akaifuta nayo vilevile, taratibu, akaiinua kuangalia kama imetakata. Hakusogea.

"Ngoja," alisema. "Mwache aite tena."